Mbwa Mzima Asiyetulia: Umfunze Mwenyewe, Umpeleke Darasani, Umwite Mwalimu Nyumbani au Umpeleke Bweni?

Wenye mbwa wengi hukata tamaa mapema kwa kushikilia usemi wa samaki mkunje angali mbichi. Mbwa wao ana miaka 3 au 5, ana nguvu zisizokwisha, anavuta kamba hadi mkono unauma, anamrukia kila anayebisha hodi, nao wanaamini kwamba wakati wa kumfunza umepita. Usemi huo una ukweli kuhusu jambo moja. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa huwazoea watu, sauti na wanyama wengine kwa wepesi kabisa huanza kama wiki ya 3 tangu kuzaliwa na kumalizika kati ya wiki ya 12 na ya 14, na kikipita hakirudi. Utii na adabu ni habari nyingine. Kukaa akiambiwa, kutembea bila kuvuta, kuja akiitwa na kumpokea mgeni akiwa na miguu yote minne chini ni mambo ambayo mbwa wa umri wowote mwenye afya anaweza kujifunza, na mbwa mzima humshinda mtoto katika kukaza fikira na katika kujizuia.

Kinachomtofautisha mbwa mzima ni kwamba haji kwenye mafunzo akiwa mtupu. Amekwisha kufunzwa, na waliomfunza ni watu wa nyumbani kwake, bila kukusudia. Kila alipomrukia mtu alitazamwa, aliguswa na kusemeshwa, hata kama maneno yenyewe yalikuwa ya kumkemea. Kila alipovuta kamba alifika alikotaka kwenda. Kila alipobweka langoni mpita njia alienda zake, naye akaona kwamba kubweka kwake ndiko kulikomfukuza. Kwa sababu hiyo, mtu anaponiomba ushauri wa kuchagua njia ya mafunzo, kipimo changu cha kwanza ni hiki: njia hiyo itabadilisha nini katika nyumba ambamo mazoea hayo yalizaliwa? Gharama, muda na sifa za mwalimu huja baadaye.

Njia zinazopatikana kwa kawaida ni nne: kumfunza mwenyewe, kumpeleka kwenye darasa la pamoja, kumwita mwalimu aje nyumbani, na kumwacha kwenye mafunzo ya bweni kwa wiki kadhaa.

Mbinu kabla ya mahali

Kila moja ya njia hizo inaweza kuendeshwa kwa tuzo au kwa maumivu, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mahali. Mafunzo ya nguvu yana historia ndefu. Mwongozo wa Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 1910, uliegemea sana kumlazimisha mbwa, na mtindo huo ulienea kupitia mbwa wa jeshi na polisi. Baadaye ulitiwa nguvu na dhana kwamba mbwa hutafuta ukuu juu ya mwenye nyumba, kama mbwamwitu atafutavyo ukuu katika kundi. Dhana hiyo ilitokana na uchunguzi wa mbwamwitu waliofungiwa, hasa ule uliochapishwa na mtafiti wa tabia za wanyama Rudolf Schenkel mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilichangia kuieneza, alieleza katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba kundi la mbwamwitu porini kwa kawaida ni familia tu, yaani wazazi na watoto wao. Mbwa anayekutangulia mlangoni hakunyang'anyi cheo. Ana haraka ya kutoka.

Mafunzo ya tuzo yanasimama juu ya kanuni ambayo mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike aliieleza mwishoni mwa karne ya 19 na mwenzake wa fani hiyo B. F. Skinner akaichunguza kwa kina baadaye: tendo linalofuatwa na matokeo mema hurudiwa, na lisilozaa kitu hufifia. Katika utafiti wa Ureno uliochapishwa mwaka 2020, mbwa 92 kutoka shule zinazotumia tuzo na shule zinazotumia adhabu walilinganishwa, na wale wa shule za adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi wakati wa mafunzo, huku kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa na msongo, katika mate yao kikipanda zaidi baada ya somo. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko la kupendekeza mafunzo ya tuzo kwa mbwa wote, na Wales ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mikanda ya shoti ya umeme tangu mwaka 2010.

Kwa mbwa mwenye nguvu nyingi kuna sababu moja zaidi, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mbwa wa namna hii huumizwa akiwa tayari amepandwa na mori, macho yake yakiwa kwa mtoto anayekimbia au kwa mbwa mwingine ng'ambo ya njia. Shoti au mnyororo wa shingoni wenye meno unapombana wakati huo, hakuna kinachomhakikishia kwamba maumivu yametokana na kuvuta kwake. Anaweza kuyahusisha na yule mtoto. Vilevile, mbwa anayeadhibiwa kila angurumapo huacha kunguruma bila kuacha kuogopa, na matokeo yake ni mbwa anayeuma bila kutoa onyo.

Hata hivyo, wanaotumia tuzo nao hukosea, na kosa lililo la kawaida ni kugeuza ujira kuwa rushwa. Anayemwonyesha mbwa kipande cha nyama kwanza ndipo amwambie akae, anamfundisha kukagua mkono kabla ya kuamua kutii. Kitafunwa kikae mfukoni, tendo litangulie, na malipo yafuate ndani ya sekunde moja au mbili. Kwa kuwa mkono hauwahi sikuzote, wengi hutumia klika, kidude kidogo kinachotoa mlio mmoja mkavu, au neno fupi kama "ndiyo", ambalo mbwa amezoeshwa kulielewa kuwa ni ahadi ya malipo. Tuzo pia haimaanishi kumwacha afanye apendavyo. Lango lifungwe, kamba ifungwe, taka zifunikwe. Kumnyima nafasi ya kukosea ni nusu ya kazi.

Kumfunza mwenyewe

Njia hii ina nguvu mahali ambapo nyingine zina udhaifu: mafunzo hufanyika katika chumba kilekile, kwa sauti ileile na mbele ya mlango uleule ambamo mbwa ataishi. Inahitaji vipindi vifupi vya dakika 3 hadi 5, mara chache kwa siku, na vitafunwa vidogo kama punje ya njegere ili asishibe upesi. Wala si lazima kumchosha kwa mazoezi ya kila siku. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2008 ulinganisho wa mbwa aina ya beagle waliofunzwa mara 1 kwa wiki na wengine waliofunzwa mara 5: wale wa mara 1 walihitaji vipindi vichache zaidi kufikia kiwango kilekile, ingawa kwa hesabu ya wiki walichelewa. Anayekosa siku mbili hajaharibu kitu.

Udhaifu wake ni kwamba hakuna wa kukusahihisha. Mtu hatambui kwamba anasema "kaa" mara nne kabla mbwa hajakaa, na kwa hiyo anamfundisha kwamba amri yenyewe ni "kaa kaa kaa kaa". Hatambui kwamba yeye humkataza mbwa kupanda kochi huku mwenzake akimkaribisha usiku. Na kwa kuwa nyumbani hakuna vishawishi vingi, huamini kwamba mbwa ameiva, kumbe amejifunza kutii sebuleni tu. Nimeona mbwa waliokaa vizuri kabisa jikoni wakawa kama viziwi hatua 20 nje ya lango, na wenye mbwa wakawaita wakaidi, ilhali somo la nje lilikuwa bado halijafundishwa.

Darasa la pamoja

Darasa, ambalo mara nyingi hukutana mara 1 kwa wiki kwa wiki 6 hadi 8, linatoa vitu viwili ambavyo nyumba haiwezi kutoa: jicho la mwalimu linalomtazama mwenye mbwa, na vishawishi halisi vya mbwa na watu wengine. Kwa kawaida ni nafuu kuliko mwalimu wa peke yako. Kwa mbwa mchangamfu anayewapenda wenzake ni mahali pazuri sana pa kujifunza kwamba kumwona mbwa mwingine si lazima kuishie katika kucheza naye.

Lakini darasa lina mlango mwembamba. Mbwa aliyepanda mori kupita kiasi hajifunzi. Ukimwona anakataa hata kitafunwa anachokipenda, ujue akili yake haipo. Mbwa wa namna hiyo akiketishwa katikati ya wenzake kumi kwa saa nzima atafanya mazoezi ya kubweka, na atarudi nyumbani akiwa bingwa wa jambo hilo. Mwalimu mzuri atampa nafasi pembeni, nyuma ya kizuizi, mbali kiasi cha kumwezesha kuona bila kulipuka, kisha umbali upunguzwe wiki baada ya wiki. Uliza kabla ya kujiandikisha idadi ya mbwa na ukubwa wa uwanja. Mbwa wanane katika chumba kidogo si darasa la mbwa asiyetulia.

Ukitaka kipimo cha kujua darasa linaelekea wapi, jaribio la Canine Good Citizen (yaani mbwa raia mwema) lililoanzishwa mwaka 1989 na American Kennel Club, chama cha wenye mbwa cha Marekani, linafaa kutazamwa hata na asiyekusudia kulifanya. Lina vipengele 10, na karibu vyote ni vya maisha ya kila siku: kumkubali mgeni mwenye nia njema, kuguswa akiwa ametulia, kupita katikati ya watu, kuja akiitwa, kukutana na mbwa mwingine bila vurugu, na kuachwa na mtu mwingine kwa dakika 3 bila kuhangaika.

Mwalimu anayekuja nyumbani

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi wenye mbwa mzima asiyetulia, hata kama ni kwa masomo machache tu. Mwalimu huona kile ambacho hakionekani darasani: dirisha ambalo mbwa hulinda mchana kutwa, watoto wanaomkimbiza kisha wakamkemea anapowakimbiza, bakuli la chakula lililowekwa njia ya kupita, na namna kila mtu wa nyumba anavyosema neno lake.

Chukua suala la kumrukia mgeni. Darasani utafundishwa kumkalisha mbwa mbele ya mtu mpole aliyesimama. Nyumbani kuna hodi, funguo, sauti za furaha na mifuko. Mwalimu akiwa pale ataligawa tukio hilo vipande: kwanza hodi bila mgeni, mbwa akalipwa kwa kwenda kwenye mkeka wake, kisha mlango ukafunguliwa kidogo na kufungwa, kisha mwenye nyumba akaingia mwenyewe kama mgeni, na mgeni wa kweli awe wa mwisho, mbwa akiwa amefungwa kamba. Mgeni akigeuza mgongo kila miguu ya mbele inaponyanyuka, na kumsalimu kila inapotua, kuruka kunakosa faida.

Kuna hatua moja ambayo nyumba nyingi hushindwa, na mwalimu wa nyumbani huwa na thamani kubwa hapo. Mbwa anapoona kwamba kuruka hakumpatii tena kitu, kwanza huruka zaidi kuliko zamani, wakati mwingine kwa siku kadhaa, kama mtu anayebonyeza kwa nguvu swichi ambayo jana ilikuwa ikiwasha taa. Wasiojua husema mbinu imeshindwa, wakamkubalia siku ile aliyoruka juu kuliko zote, na kwa kufanya hivyo wakamfundisha kiwango kipya. Aliyekwisha kuonywa huvumilia.

Kasoro yake ni gharama ya kila somo, na upungufu wa vishawishi vya nje. Mbwa anayefunzwa nyumbani peke yake atahitaji baadaye darasa au matembezi yaliyopangwa penye watu.

Mafunzo ya bweni

Bweni linavutia kwa sababu linaahidi mbwa aliyekamilika. Unamwacha kwa wiki 2 hadi 4, unamkuta anakaa, anasubiri, anatembea sambamba na mguu. Mwalimu stadi anaweza kweli kujenga msingi huo kwa kasi, kwa maana ana saa nyingi na mkono uliozoea.

Tatizo ni kwamba mbwa hujifunza pamoja na mahali na mtu. Utii aliojifunza kwa mwalimu huyo, katika uwanja huo, hauhamii wenyewe kwenda kwenye nyumba ambamo kuvuta na kuruka kumelipa kwa miaka. Mbwa wa jamaa yangu alirudi kutoka bweni akiwa na adabu za kupendeza, na baada ya mwezi mmoja alikuwa amerudia yote, kwa sababu hakuna kilichobadilika kwa waliomsubiri. Jambo la pili, ambalo linanisumbua zaidi, ni kwamba hapo mwenye mbwa haoni kinachofanyika. Mbwa aliyetulia kwa kuogopa na mbwa aliyetulia kwa kuelewa hufanana sana kwa siku za mwanzo.

Nalikubali bweni kwa hali chache: mwenye mbwa ameumia au anasafiri, mbinu zinazotumika ni za tuzo na anaruhusiwa kuzishuhudia, na gharama inajumuisha masomo kadhaa ya kumfundisha yeye na watu wa nyumbani mbwa akirudi. Bila masomo hayo ya mwisho, pesa hizo zingenunua masomo mengi ya nyumbani.

Nguvu zake ziende wapi

Wengi hudhani kwamba mbwa asiyetulia anahitaji kuchoshwa tu, na hapa pia kuna vya kulinganisha. Kumrushia mpira kwa saa nzima kila siku humjengea pumzi na misuli, na baada ya miezi miwili unakuwa na mwanariadha anayedai saa moja na nusu, tena aliyezoea kuishi akiwa na moyo unaodunda. Matembezi ya kunusa kwa kamba ndefu, akiachwa asome kila kichaka kwa mwendo wake, humtuliza kuliko mbio. Chakula kilichofichwa kwenye nyasi au ndani ya taulo lililoviringishwa kinampa kazi ya pua na ubongo kwa dakika 15. Mchanganyiko wa mbio kidogo, kunusa kwingi na somo fupi la kulala mkekani huzaa utulivu unaodumu. Hakuna njia kati ya zile nne itakayofaulu kwa mbwa anayefungiwa siku nzima.

Vifaa navyo vinachaguliwa kwa mantiki hiyohiyo. Mkanda wa shingoni unatosha kwa mbwa asiyevuta, lakini kwa anayevuta hubana koo. Mkanda wa kifuani wenye pete mgongoni ni salama kwa shingo, ila humpa nafasi ya kuvuta kwa kifua chote. Wenye pete mbele ya kifua humgeuza kuelekea kwako anapovuta, nao ndio ningeanza nao. Hatamu ya kichwani inadhibiti zaidi, lakini mbwa anahitaji siku za kuizoea, na haifai kufungwa kwenye kamba ndefu, kwani akikimbia na kukatizwa ghafla shingo inaweza kuumia. Kwa zoezi la kuja akiitwa, kamba ya mita 5 hadi 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani ni bora kuliko kumwachia na kutumaini. Na asiitwe kamwe ili akemewe, hata akiwa ametoroka kwa saa nzima.

Yupi achague ipi

Mwenye muda, subira na mbwa ambaye kosa lake ni kuvuta na kuruka tu, aanze mwenyewe, na ajipe wiki 4. Mbwa anayetii nyumbani lakini akapoteza akili nje aende darasani. Ambaye vurugu zake ziko mlangoni, dirishani au kati yake na watoto, aitiwe mwalimu nyumbani. Ikiwa uwezo unaruhusu, masomo mawili au matatu ya nyumbani yakifuatwa na darasa la pamoja ndiyo mpango ambao ningeuchagua kwa mbwa wangu mwenyewe, na bweni lingekuwa la mwisho.

Mbwa aliyekwisha kuuma mtu, au ambaye tabia yake imebadilika ghafla, hayumo katika ulinganisho huu. Yeye aonwe kwanza na daktari wa mifugo, kwa sababu maumivu ya meno, masikio au viungo hujificha nyuma ya ukali na kutotulia, na hakuna amri inayotibu jino.

Kwa njia yoyote utakayochagua isipokuwa ya kumfunza mwenyewe, kumbuka kwamba katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kujiita mwalimu wa mbwa bila kibali. Mwulize maswali mawili: mbwa akifanya sawa, hupata nini? Akikosea, hupata nini? Jibu la swali la pili likiwa la mafumbo, lenye maneno kama "nishati" au "kumwonyesha nani mkuu", omba kuona kifaa anachotumia. Kisha omba kutazama somo zima la mbwa mwingine kabla ya kumleta wako, na utazame mikia na masikio ya mbwa waliomo zaidi ya utii wao. Akikukatalia kutazama, mtafute mwingine.